Mwaka wa Kusafisha Skripti za Suleiman

Ijumaa iliyopita, katika msikiti wa Wingwi, tulimswalia Suleiman bin Khatibu sala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti ambaye mwili wake haupo mbele ya watu. Alikuwa amekwisha kuzikwa katika nchi ya baridi alikoishi karibu nusu ya umri wake. Mwanawe ndiye aliyetupigia simu kutuletea habari. Kiswahili chake ni cha kujikongoja, lakini maneno ya kurejea kwa Mola aliyatamka sawasawa, nikashukuru kwa hilo. Imamu alipotoa takbira ya kwanza nilikumbuka kwamba sala hiyo hiyo, kwa mtu huyo huyo, katika msikiti huo huo, iliwahi kupangwa zamani tulipokuwa vijana, na mimi ndiye niliyehangaika mwaka mzima ili isiswaliwe. Baada ya salamu sikuweza kunyanyuka. Walio karibu nami walidhani ni magoti, wakanishika mikono, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Ulikuwa mwaka uliofuata uchaguzi mmoja katika hizi chaguzi zetu za vyama vingi. Sisemi upi, kwani hapa Pemba zote ziliacha majeraha yanayofanana. Watu walikuwa wamegawana misikiti, maduka na hata maziko. Mtu alikuwa tayari kutembea juani kwenda kununua sukari kwa mwenye chama chake, na duka la jirani liko wazi mbele ya mlango wake. Kituo chetu cha kufundishia kompyuta kilikuwa Madungu, mjini Chake, vyumba vitatu vya ghorofani, na chini yetu alikuwapo fundi cherehani ambaye kibaraza chake kilikuwa cha upande mmoja tu. Maneno yao yalipanda mpaka kwetu kupitia ngazi. "Mtu sasa akipiga chafya wa upande wa pili hawamwombei rehema," alisema mmoja siku moja. Mwenzake akamjibu, "Na akiombewa haitikii, anauliza kwanza nani kaomba." Walicheka sana, na mimi juu, nimekaa mbele ya kompyuta, nilicheka kidogo halafu nikaona haya, maana ilikuwa kweli. Wiki ile ile nilipita penye maziko ya jirani yangu nikaona watu wa kubeba jeneza hawatoshi.

Chumba cha mbele cha kituo kilikuwa darasa. Cha kati kilikuwa ofisi ya Maalim Nassor, mkuu wetu, mtu wa ukoo uliowahi kuwa na mashamba ya mikarafuu mpaka macho yanachoka, na ambaye siku hizo alikuwa na baiskeli na subira. Humo ofisini ndimo ilimokaa kompyuta tuliyoiita ya mlangoni, na waya wake ulipanda mpaka kwenye dishi la mtandao juu ya paa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Suleiman, mwenzangu wa tangu madrasa. Hapo, juu ya ubao uliokuwa mlango wa nyumba iliyobomolewa, alipanga kompyuta tatu kuukuu za kufanyia majaribio, akaziandika majina kwa chaki: Wingwi, Gombani na Tanga. Wingwi ilikuwa mfano wa kompyuta iliyoko ndani. Gombani ilikuwa mfano wa ile ya mlangoni. Tanga ilikuwa mfano wa dunia ya nje. Kila jambo tulilijaribu kwanza hapo, na likikubali ndipo tulilihamishia kwenye mlango wenyewe.

Nieleze kidogo kilichokuwa kikijaribiwa, kwa sababu msiba wote umo humo. Kituo kilipewa anwani moja tu ya kujulikana duniani, na kompyuta zetu zilikuwa nyingi. Kwa hiyo kila ya ndani ilikuwa na anwani ya nyumbani, isiyojulikana nje. Ikipeleka kitu, kompyuta ya mlangoni huivua anwani ile na kuivisha anwani ya kituo. Jibu likirudi, mlango hukumbuka aliyeuliza ni nani, ukambadilishia anwani tena na kumpelekea. Kazi hii ya kuvua na kuvisha ni nyepesi kwa anayeuliza na kujibiwa. Ngumu ni pale kitu kinapokuja kutoka nje bila kuulizwa, kwa njia nyingine, kama inavyokuja sauti ya mtu anayezungumza kwa kompyuta. Mlango usipoambiwa mapema kwamba kitu hicho ni cha nani, hukitupa. Suleiman aliandika skripti za kupima yote hayo. Skripti ni faili la amri zilizopangwa moja chini ya nyingine, na kompyuta huzitekeleza kama mtu anayesomewa. Mwisho wa kila skripti palikuwa na neno moja, ama "sawa" ama "imeshindwa".

Baada ya uchaguzi vijana wengi walivuka kwenda Kenya. Suleiman hakuwa mtu wa majukwaa, lakini jina lake liliulizwa kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, naye hakungoja liulizwe mara ya pili. Katika mashua zilizoondoka siku zile, moja ilizama. Wengine walipatikana, wengine hawakupatikana. Na walikuwapo watu wawili watatu wa Wingwi walioapa kwamba walimwona Suleiman akiingia katika mashua ile. Ukweli ni kwamba aliingia, akashuka, akampisha mama mwenye mtoto, akaondoka na nyingine. Haya aliniandikia mwenyewe kwa barua pepe baada ya miezi, alipokuwa amekwisha kufika Ulaya na kupewa kitanda katika nyumba ya wakimbizi.

Nilizisoma barua zake kwa mama yake, Bi Tumu, aliyekuwa mjane na hakuwa na mwana mwingine. Alikuja kutoka Wingwi kwa gari za asubuhi, amefunga chakula katika kitambaa: mikate ya mofa, au muhogo na kipande cha samaki mkavu wa ng'onda. Tulikaa chumba cha nyuma, nikamsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akaniacha nimalize, halafu akasema, "Ahsante Hamadi mwanangu. Umeandika vizuri."

"Sikuandika mimi, Bi Tumu. Kaandika Sule."

"Haya."

"Kakutajia mpaka ile mbuzi yako ya kukunia nazi, iliyovunjika mguu."

"Na weye huijui mbuzi ile? Si mlikuwa mkiikalia nyote wawili? Mmelala chumba kimoja chuoni, mmekula sahani moja kwangu. Lipi analolijua yeye ambalo weye hulijui?" Aliyasema hayo bila ya ukali. Alinisogezea mkate. "Kula. Mie sikulaumu. Mtu akimuona mzazi analia, lazima atafute neno la kumpa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliamini kwamba mwanawe yuko baharini, na kwamba sisi wa kituo tunamtungia barua kwa huruma. Simu ya mkononi walikuwa nayo wakubwa tu. Simu ya posta alikataa kuisogelea, kwa sababu ilipitia kwa mtu anayeuliza jina la unayezungumza naye, na jina la mwanawe, akiwa hai au maiti, hakutaka litamkwe pale. Alimwendea Shehe Abdalla, imamu wa Wingwi, amwombe aswaliwe sala ya ghaibu, apate kumfanyia hitma, kisomo cha maiti, apate kulala. Shehe alisitasita. Alisema barua za kompyuta si ushahidi wa uhai, na maneno ya watu pwani si ushahidi wa mauti. Mwishowe, alipomwona bibi yule anakonda, alisema: ikifika Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani na hakuna khabari ya yakini, ataswalisha. Na yakini, alisema, ni mama kuisikia sauti ya mwanawe akaijua.

Maalim Nassor aliposikia hayo akasema, "Basi sauti tunayo. Skripti ya sauti inasema sawa." Tulipanga siku na Suleiman kwa barua pepe. Bi Tumu akaja, tukamvika vile vya masikioni juu ya ushungi, akashikishwa kile cha kusemea. Nikaona taa za kompyuta ya mlangoni zinapepesa. Bi Tumu akasema, "Assalamu alaikum." Akangoja. Akasema tena. Akatuangalia mimi na Maalim, uso wake umetulia, akavua vile vya masikioni taratibu kama mtu anayevua pete. "Humu hamna mtu," akasema. Akatushukuru, akaenda kuwahi gari. Jioni ikaja barua ya Suleiman. Alikuwa ameandika: "Nimemsikia mama. Nimemsikia akitoa salamu, na nimemsikia akisema humu hamna mtu. Nilipiga kelele mpaka wenzangu wa chumbani wakaja kunishika." Sauti ya ndani ilikuwa ikitoka. Ya nje haikuingia. Nimeishi nikaona mengi, Alhamdulillahi, nimezika wazazi na mtoto, lakini bado sijui fedheha inayoshinda ile ya mtu kumsikia mama yake anamhesabu katika maiti, naye anajibu na haisikiki.

Siku ya pili Maalim aliniambia niache kufundisha darasa la asubuhi, nikazisafishe skripti za Suleiman. "Ni nyingi na zimejaa marudio," alisema. "Huenda kosa limejificha humo ndani. Fagia, Shehe Hamadi, mpaka sakafu ionekane." Aliniita Shehe kwa utani, kwa sababu ya kofia yangu na kwa sababu nilitoka madrasa nikaingia kompyuta bila kupita kwingine. Nikaanza. Kazi ilikuwa kubwa na ya upweke. Suleiman aliandika kama anavyozungumza, haraka haraka. Amri ile ile ya kuweka anwani ilirudiwa katika kila faili, na katika kila faili kwa namna tofauti kidogo. Mahali pengine mlango uliitwa Gombani, kwa jina la penye uwanja wa mpira, pengine Uwanjani, pengine Mpira. Nilikusanya yaliyorudiwa nikayaweka katika faili moja ambalo mengine yote yatalisoma kwanza. Niliyapatanisha majina. Niliondoa amri zilizoachwa nusu. Nilifuata desturi niliyofundishwa ya kunakili kitabu cha mwalimu: hubadilishi maana, unanyoosha mwandiko. Kila nilipomaliza faili niliziendesha skripti zote kwa zamu, na zote zilisema sawa. Miezi ikapita hivyo. Tulijaribu tena sauti kati yangu na Suleiman, bila ya mama. Yeye alinisikia. Mimi sikusikia kitu.

Nilikata tamaa kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mtu aliyelelewa na Qurani. Niliswali, nikasoma uradi, nikarudi mezani na moyo kama gunia lililolowa maji. Fundi wa chini na wenzake waliendelea kucheka. Bi Tumu aliendelea kuja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakuwa akija kusomewa tena. Alikuja kunifariji mimi. Siku moja aliniletea boko boko la kuku katika bakuli lililofungwa kwa kanga, akakaa kuniangalia nikila, akasema, "Hamadi, kazi ino iwache. Nshapata mtu wa kunipikia hitma. Pilau apike ya nyama gani, tuseme? Ng'ombe au mbuzi?" Nilimeza tonge iliyokuwa kinywani, nikamwambia bado, Bi Tumu, Ijumaa yenyewe bado. "Ijumaa zinakwenda upesi," akasema, akaokota bakuli lake.

Kilichotufungulia ni mvua. Paa la chumba cha nyuma lilivuja juu ya ubao wa majaribio, ikabidi nizime kompyuta zote tatu, nichomoe nyaya na kuuvutia ubao upande wa pili. Nilipoziwasha tena sikuwa na hamu ya kuziendesha skripti zote. Niliendesha ile ya sauti peke yake. Ikasema: imeshindwa. Nilidhani nimekosea waya. Nikakagua nyaya, nikaiendesha tena, ikashindwa tena. Nikaziendesha zote kwa zamu kama desturi, na ilipofika zamu ya sauti, ikasema sawa. Nikazima. Nikawasha. Nikaendesha ya sauti peke yake. Imeshindwa. Nilikaa kwenye kiti nikasikiliza maji yanavyodondoka katika ndoo.

Kisha nikalifungua faili la kwanza kabisa, ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi, na juu yake Suleiman aliandika maneno ya kujikumbusha ambayo kompyuta huyaruka: "Mashine ikiwaka ni twahara. Usiioshe mara mbili." Niliyapenda maneno hayo, ndiyo maana sikuyagusa katika kufagia kwangu. Sisi wawili tulisoma fiqhi kwa mwalimu mmoja, na katika mambo ya mwanzo anayoshikishwa mwanafunzi ni kwamba mwenye udhu kwa yakini, akitia shaka kama umetenguka, hubaki na udhu wake. Hajisumbui kwa wasiwasi. Suleiman aliichukua hukumu hiyo ya rehema, waliyopewa waja, akaipa mashine. Kila skripti yake iliweka kanuni zake mlangoni, ikapima, ikaondoka bila kuzifuta. Kanuni zilibaki. Iliyofuata iliukuta mlango umeachwa wazi na iliyotangulia, ikapita, ikasema sawa.

Lakini zamani haikuwa hivyo, na hapo ndipo nilipoinamisha kichwa juu ya ubao. Zamani za Suleiman umeme wa Chake ulikuwa ukikatika kutwa. Aliwahi kuendesha skripti moja, bahati ikiwa kubwa mbili, taa zikazimika. Umeme ukirudi, kompyuta ziliwaka upya hazina kumbukumbu ya kitu, na skripti nyingine ikapimwa katika usafi wa kweli. Kiza ndicho kilichokuwa kikiziosha. Baada ya yeye kuondoka, wafadhili walitupa betri kubwa, tukapiga picha nazo, tukamshukuru Mungu kwamba sasa kompyuta hazizimiki. Hazikuzimika kweli. Na tangu siku hiyo vipimo vyetu vyote vilikuwa vikisema uongo, na hakuna aliyevifundisha.

Nilizisafisha upya, safari hii kwa maana. Kila skripti ilianza kwa kufuta kila kitu, hata kama pameonekana pasafi, na ilimaliza kwa kufuta ilichokiweka, hata ikikatizwa katikati. Nilipoziendesha, karibu zote zilishindwa. Nilimwita Maalim Nassor aje aone. Alisimama nyuma yangu akisoma neno lile linavyopanda juu ya kioo, moja baada ya moja.

"Hamadi," akasema, "nilikupa nyumba ufagie. Umenibomolea ukuta."

"Ukuta haukuwapo, Maalim."

"Wafadhili wanangoja matokeo. Kila mwezi wanaona sawa. Sasa niwapelekee hivi?"

"Unaweza kungoja kwanza."

"Mpaka lini? Mpaka waje wenyewe?" Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Tulimkalisha yule bibi pale kwa sababu ya neno sawa. Nilimwambia mwenyewe, sauti tunayo." Akavaa miwani. "Peleka kama yalivyo. Jina litakuwa langu."

Yakaenda kama yalivyo. Mimi nikabaki na skripti ya sauti, ambayo sasa ilikuwa ikisema ukweli, na mwenye kuambiwa ukweli ana pa kuanzia. Kosa halikuchukua siku nyingi kuonekana. Mlangoni palikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza kiliivua sauti anwani ya kituo na kuivisha anwani ya ndani. Cha pili kiliruhusu au kukataza. Na sisi kile cha pili tulikiambia kipitishe chenye anwani ya kituo, anwani ambayo sauti ilikwisha kuvuliwa kabla ya kufika hapo. Kilikuwa kikimngojea mtu wa kanzu nyeupe, na mtu kabadilisha kanzu ukumbini. Nilibadilisha mstari mmoja. Nilizima kompyuta zote, nikawasha, nikaendesha. Sawa. Nilirudia mpaka niliposikia adhana ya Alasiri. Nilikwenda kuswali, na katika sijda nilishindwa kuomba. Niliona nimekwisha kupewa, na niliogopa.

Wiki ile ilikuwa ya mwisho. Tulihamisha mstari ule kwenye mlango wenyewe, tukampeleka mtu Wingwi kumwita Bi Tumu Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ya Shehe.

Nitasema kwanza yaliyokuja baadaye, nipate kuishia ninapotaka kuishia. Wafadhili waliyasoma matokeo yetu wakauliza maswali mengi kwa adabu nyingi, na kabla mwaka haujaisha dishi lilishushwa. Maalim Nassor akarudi kufundisha hesabu. Bi Tumu alipata homa baada ya Idi ya kuchinja, akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na waliombeba walikuwa wa upande mmoja tu, nami nilikuwa chini ya jeneza na bega langu linajua uzito wake. Suleiman hakurudi Pemba tena. Wakubwa walipatana, wakagombana, wakapatana tena. Waliokimbia walirudi, wakajenga, wakaoa. Yeye hakurudi, wala si kwa kuogopa askari. Shehe Abdalla alimwandikia kwamba kwa mujibu wa sheria ya dini hana kizuizi. Alijibu kwa heshima, akashukuru, akabaki alipo mpaka akazikwa huko. Sababu aliitoa kila alipoulizwa, na sisi tuliokuwamo chumbani siku ile hatukuhitaji kumuuliza.

Alhamisi ile Shehe Abdalla alikuja pamoja na Bi Tumu, ashuhudie. Tulikaa ofisini kwa Maalim, mlango wa chumba umefungwa, vicheko vya kibarazani vinasikika kwa mbali. Badala ya vile vya masikioni tuliweka spika ndogo mezani, ili Shehe naye asikie. Bi Tumu alikaa na mkoba wake mapajani, kama mtu aliyekuja kwa daktari. Spika ikakwaruza.

"Shikamoo, mama."

Bi Tumu aliitazama spika, halafu akanitazama mimi midomoni, kuona kama natamka.

"Mama. Mie Sule."

"Sule gani?"

"Sule wako."

"Nisomee Alhamdu," akasema.

Sauti ilichelewa kidogo, kwa ule umbali wa kwenda angani na kurudi. Kisha Suleiman akaanza kusoma sura ile ya Fatiha. Alisoma aya za mwanzo vizuri, na alipofika aya ya mwisho alivuta pumzi mahali pasipovutwa, pale pale alipokuwa akichapwa na mwalimu wetu tangu tuko wadogo, na kosa hilo hakuliacha. Hilo nisingeweza kulitunga. Bi Tumu aliweka kiganja juu ya spika, kama anayepima homa, na Shehe Abdalla akageuka dirishani.

"Umekula?" Bi Tumu akauliza.

"Nimekula, mama."

"Nini?"

"Viazi."

"Peke yake?"

"Na samaki. Samaki wa huku hana ladha."

"Unaswali?"

"Naswali."

Akaondoa kiganja juu ya spika. Nilidhani atalia, nami nilikuwa nimekwisha kuanza. Hakulia. Alijivuta karibu na meza, akazungumza polepole, kwa sauti ya chini, kama anayemwagiza mtoto dukani.

"Sule, nisikilize. Kuno usirudi. Mie nshakuzika mara moja, nimelala na maiti yako kitandani mwaka mzima. Mara ya pili siiwezi. Wakikwambia kumetulia, usirudi. Wakikwambia mama mgonjwa, usirudi. Radhi yangu unayo ukiwa huko. Ukivuka kuja kuno, huna."

"Bi Tumu," akasema Shehe Abdalla, "usimfunge mtoto kwa neno kama hilo. Hujui ya mbele."

Hakumgeukia. "Umenisikia?" aliiambia spika.

Hapakuwa na kitu ila kukwaruza. Maalim Nassor alinitazama mimi, mimi nikatazama taa za mlango. Zilikuwa zinapepesa zote mbili, ya kutoka na ya kuingia. Mlango ulikuwa mzima. Ulikuwa ukifanya kila nilichouamuru.

"Naam, mama," akasema Suleiman, na safari hii mama yake alimsikia.